Sikumkimbia Mama: Kauli ya Mtuhumiwa

Najua mmeshaipata. Mwenzangu wa kazini, ambaye simtaji kwa sababu namdai hela na sitaki apate kisingizio, ameirusha kwenye magrupu yote: "Jamaa kamwacha mama yake mzazi ghorofa ya tisa, jengo linawaka, kakimbia na hedifoni masikioni."

Kwanza, jengo halikuwaka. Pili, hedifoni zilikuwa shingoni. Hayo mengine tutayafikia, msinikimbize. Neno lenyewe naomba tulipumzishe kidogo.

Tuanze na sufuria. Mama kaja kunitembelea na sufuria zake za alumini, jiko langu likazigomea, likawa linapiga "pii" na kuandika herufi zake nyekundu. Kwa msiolijua: hili ni jiko la induksheni. Halina moto wala koili ya kuwaka. Chini ya kioo kuna waya uliosokotwa unaotengeneza sumaku ya kubadilika-badilika, na sumaku hiyo ndiyo inayopasha kitako cha sufuria. Alumini tupu hailiamshi. Kabla mzazi hajaja, chukua kisumaku cha friji ukibandike chini ya sufuria. Kikishika barabara, pikia. Kikidondoka, weka mchele ndani, funika, weka kabatini.

Nikamnunulia ya chuma, kitako bapa. Mama kaipiga ukucha, kasikiliza mlio wake, kakubali. Nikamfundisha vitufe: kujumlisha, kutoa, na kile cha P, ambacho hulipa jiko nguvu zote kwa dakika chache. Nilimwonyesha kwa maji ya chai. Yalichemka akiwa bado anatafuta majani. Alifurahi mno, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, maana mama akipenda kitu hukitumia kwa kila kazi.

Sasa fikiria mtu aliyepika miaka yote kwenye jiko linalompa muda. Unaweka mafuta, unamenya kitunguu, unakikata, unasalimiana na anayepita, ndipo mafuta yanakuwa tayari. Kwenye P, mafuta machache ndani ya chuma hayamsubiri mtu. Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa huanza kutoa moshi kwenye nyuzijoto 225 hivi, na kufika huko ni suala la dakika. Mama alikuwa bado kwenye kitunguu cha kwanza. Alipogeuka, sufuria ilikuwa inafuka.

Mimi sikuwepo hapo. Mimi nilikuwa chumbani, mlango umefungwa, niko kwenye mkutano wa mtandaoni na wakubwa. Shati jeupe, tai. Chini kaptula ya kulalia, ile ya mamba. Endeleeni, chekeni, hiyo bado haijawa sehemu yenyewe.

Mama akatumbukiza vitunguu, vikageuka mkaa palepale. Akatumbukiza kuku na nyanya ili kupoza. Mafuta yakapoa kweli, ila maji ya nyanya yakapanda juu yote kwa pamoja, mvuke na moshi vimeshikana. Feni ya juu ya jiko ilikuwa inanguruma kwa bidii, lakini feni za nyumba nyingi za ghorofani hazitoi kitu nje. Huvuta hewa, huipitisha kwenye chujio la mkaa, kisha huirudisha jikoni. Harufu inapungua, moshi unabaki mwenyeji. Dirisha nalo lina kizuizi cha watoto, linafunguka upana wa kiganja basi. Kitambua moshi cha sebuleni kikaanza kulia.

Mimi huo mlio niliusikia. Sikilizeni hapa. Hedifoni za kukata kelele humeza ngurumo nzito, kama ya feni au ya injini ya ndege. Mlio mwembamba mkali hupenya. Niliusikia vizuri kabisa. Na kwa kuwa kila mkutano una mtu ambaye kitambua moshi chake kinalilia betri mpya, nikawasha kipaza sauti nikasema, kwa ile sauti yangu ya ukatibu: "Jamani, mwenye king'ora kinacholia naomba azime kipaza sauti, tuheshimu muda."

Wakazima wote. Mlio ukabaki.

Huko sebuleni mama kafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya kwenye nyumba ya kawaida: kafungua mlango moshi utoke. Ule mlango una mkono wa kujifunga wenyewe, umewekwa makusudi ili moto ukitokea ndani usitoke ndani. Mama kauona unajirudia, kachukua kiatu changu cha kulia, kaubana nacho. Kisha kabeba sufuria hadi kibarazani, akaanza kupepea moshi kwa ubao wa kukatia.

Hapa ndipo pa kuelewa, hata kama hamtanisamehe. Kitambua moshi cha ndani ya nyumba yetu ni cha kwetu tu. Kinalia, unapepea, kinanyamaza, hakuna anayejua. Vile vya korido vimeungwa kwa waya hadi kwenye ubao wa king'ora kule mapokezi. Moshi ukifika korido jengo zima linalia, zimamoto wanaitwa, na lifti zinashuka zenyewe hadi chini, zinafungua milango na kugoma. Kwa hiyo ukiunguza chakula ghorofani, fungua madirisha yote, mlango wa korido usiuguse. Maneno haya nilikuwa nimepanga kumwambia mama. Nilianza na vitufe.

King'ora cha jengo kikalia. Nikatoka chumbani mbio. Nikaona jiko limejizima, kwa sababu jiko la aina hii likikosa chombo juu yake hujizima lenyewe. Sufuria haipo. Mama hayupo. Mlango uko wazi, umebanwa na kiatu. Wewe ungehitimisha nini? Nilihitimisha mama ametoka na sufuria yake. Niliita, "Mama!" Niliita kwa nguvu. Kibaraza kiko nyuma ya pazia, na yeye alikuwa anapepea.

Nikashuka kwa ngazi.

Sasa yule mwenzangu anasema nilikimbia. Nilishuka kwa mwendo unaopendekezwa.

Nilipofika kama ghorofa ya saba, hedifoni zikapoteza mawasiliano na kompyuta. Kompyuta ikifanyiwa hivyo huhamisha sauti kwenye spika zake. Mama, ambaye wakati huo ameingia chumbani kunitafuta (nimeona rekodi, kainama hadi chini ya meza), akasikia chumba kizima kimejaa watu. Akaiona skrini, nyuso kadhaa za wakubwa zimemkodolea macho. Akasimama wima, akarekebisha kitambaa cha kichwani.

"Hamjambo wote?"

Wakajibu hawajambo. Mkurugenzi akamwambia shikamoo. Mama akamuuliza habari za watoto. King'ora kinalia. Ndipo mwenzangu huyu, huyu huyu anayewasambazia habari, akapaza sauti: "Mama, toka nje! Yeye ameshakimbia!"

Ameshakimbia. Neno hilo lilitokea hapo. Na lipo kwenye rekodi ya kampuni.

Chini, kwenye sehemu ya kukusanyika, wakazi wa ghorofa zote tumesimama. Mwaka mzima tunaangalia namba za lifti ili tusisalimiane, leo tunaangalia kaptula yangu. Natafuta mama. Nauliza huku, nauliza kule. Nikamfuata mlinzi nikamwambia mama yangu simwoni. Akaniuliza, taratibu, mbele za watu: "Uliachana naye wapi?" Nikasema nadhani yuko juu. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema "eh!" Eh ile ninayo hadi sasa.

Zimamoto wakafika. Wakavaa vifaa. Mkubwa wao akaniuliza: umri wake? Anatembea vizuri? Magoti? Alikuwa anaandika, nami kila nikijibu nilisikia watu nyuma wananong'ona. Kumbuka, sina viatu. Kimoja kimebana mlango, cha pili ningekivaa cha nini?

Wawili wakaelekea mlango wa ngazi. Mkono wa kwanza umegusa kitasa. Na kutoka upande wa pili, jengo zima likisikia, kwa kuwa king'ora ndiyo kwanza kimenyamaza, ikaja sauti:

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi wenyewe!"

Ngazi za dharura za jengo letu husukumiwa hewa na feni kubwa ili moshi usiingie, na hewa hiyo huufanya mlango wa kuingilia ngazi uwe mzito ajabu kuusukuma. Huko juu, ghorofa ya tisa, mama kausukuma ukamrudisha. Kwa akili yake, kuna mtu kaushikilia. Akapiga hodi na kusubiri ajibiwe, hadi jirani mmoja akaja akausukuma kwa bega. Ndiyo maana alichelewa, na ndiyo maana huku chini hakujaribu hata kusukuma, alianza na hodi.

Zimamoto akauvuta. Akatokea mama. Polepole, mguu mmoja, kisha wa pili. Kichwani ngata, amesokota taulo langu la uso. Juu ya ngata sufuria ya chuma, mfuniko umefungwa kwa kitambaa. Mkono mmoja umetoka kwenye kishikio cha ngazi. Mkono mwingine umeshika kiatu changu cha kulia.

Zimamoto, kofia ya chuma, mtungi wa hewa mgongoni, akasema: "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo? Umekula?"

Akajibu yote matatu. Ameshika mlango kwa mguu, watu mia na kitu wanatazama, anajibu kwamba bado hajala. Kisha akamuuliza: "Mama, mwenyeji wako nani?"

Mama hakujibu mara moja. Alisimama na sufuria yake kichwani, shingo imenyooka, akaanza kupitisha macho kwenye umati, uso kwa uso, kuanzia kushoto. Mimi nilikuwa kulia. Nilijaribu kusimama nyuma ya bwana mmoja mpana. Bwana akasogea. Macho yakafika. Yakashuka kwenye tai. Yakashuka kwenye mamba. Yakafika miguuni, yakakaa hapo kitambo.

"Ni huyo," akasema, na akanyoosha kile kiatu kunionyesha. "Kibonge. Kibonge, baba, njoo uvae kiatu. Wenzako kule kwenye tivii wameniambia umeshakimbia, nikasema mwanangu hawezi kukimbia bila viatu."

Kibonge. Mimi ambaye kwenye jengo hili natia saini kwa herufi tatu za mwanzo. Simu zote zilikuwa juu. Wewe uliyenitumia ile video ukauliza "ni wewe huyu?", ndiyo, ni mimi, hakuna Kibonge mwingine.

Mengine ni mafupi. Wakakagua, hakuna moto. Mlango wetu, kiatu kilipotolewa, ulijifunga, kadi ya kuufungulia iko ndani, tukamsubiri mwenye funguo za akiba. Katika kusubiri mama akafungua sufuria. Kuku alikuwa na ladha ya moshi kidogo, lakini alikwisha, na zimamoto yule alipata paja. Barua ya uongozi wa jengo ilikuja kuhusu vitu vya kubana milango. Mkurugenzi ameuliza mama anarudi lini. Kuhusu mimi hajauliza.

Kwa mwenye mzazi njiani, nina haya tu: mwonyeshe mlango wa ngazi kabla ya jiko, na ausukume mwenyewe kwa bega ausikie uzito wake. Mwambie lifti haitumiki king'ora kikilia. Kadi ya mlango ya akiba ikae kwa jirani. Na mafuta yaanzie namba nne, kitunguu kikiwa kimeshakatwa. Mama namba nne ameikubali, ila anasema inamchelewesha.

Sasa baba naye amepiga simu, kaona video, anasema na yeye anataka kuja kupumzika kidogo. Nimemwambia karibu. Yeye hapiki kabisa. Anavuta kiko.