Farasi 400 na kuku wa Namawojjolo

Kila nikirudi Jinja mpwa wangu hunipokea na swali lile lile: "Mjomba, hilo gari lako la Ujerumani lina nguvu za farasi wangapi?" Nikimwambia 245 anacheka. Golf GTI, kwake yeye, ni gari la kuendea sokoni. Lake ni Subaru Impreza STI lililotoka Japani na farasi 280, kisha fundi mmoja wa Kampala akamfungia turbo kubwa zaidi, ile feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini, na sasa anadai wamefika 400. Nasema anadai kwa sababu hakuna aliyewapima.

Hao 280 wenyewe si haba. Watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya mdomo wasitangaze gari la kupita hapo, na walishikamana nayo mpaka 2004.

Nyumbani wanadhani sisi wa Ulaya tunapaa tu. Kweli, otobani, barabara kuu ya Ujerumani, ina vipande visivyo na kikomo; kilomita 130 kwa saa ni ushauri, si amri. Nimewahi kufika 220. Wimbo wa redio haukufika kiitikio, lori likachomoza kulipita lori lenzake, nikawa juu ya breki. Ukijumlisha dakika zote ninazokanyaga mafuta mpaka chini kwa mwaka, sidhani kama saa moja inatimia. Na mvua ikinyesha, kwenye gia ya pili tairi za mbele zinateleza. Ndio hao hao farasi wa sokoni!

Huku pia kuna ukaguzi kila baada ya miaka miwili, na ukibadilisha turbo bila kuidhinishiwa gari halina ruhusa tena ya kuwa barabarani. Nalalamika kila ninapolipa. Lakini gari la mtu mwingine likiwa ubavuni mwangu, najua breki zake zilikaguliwa.

Desemba iliyopita mpwa wangu alinipa usukani pale Mukono, kwenye barabara ya kutoka Kampala kwenda Jinja. Turbo kubwa ina tabia yake: injini ikiwa chini ya mizunguko 3,500 kwa dakika gari limelala, unakanyaga, unangoja, unakanyaga zaidi, halafu farasi wote wanaamka kwa pamoja. Ndipo tulipofika Namawojjolo, soko la vyakula vya kuchoma kando ya barabara. Basi mbele yetu likasimama, na wale vijana wa kuku wa kijiti na gonja, ndizi za kuchoma, wakaruka barabarani, vijiti juu, macho kwenye madirisha ya basi. Hakuna aliyetutazama. Nilishika breki, pedali ikazama kuliko nilivyotarajia. Tulisimama, ila mkono wa mpwa wangu ulikuwa umeng'ang'ania dashibodi. Lugazi tukafuata malori ya miwa kwa mwendo wa baiskeli, na msituni Mabira barabara ilikuwa imelowa, matope ya magurudumu yametandazwa juu ya lami. Hapo farasi mia moja tu wangetosha.

Vijana wa turbo kama mpwa wangu wana hoja moja ninayoikubali. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Turbo inafidia. Sawa, funga turbo, lakini iwe ndogo inayoamka mapema. Farasi 200 mpaka 250 wanaokuja taratibu tangu chini wanaendesheka Uganda siku nzima. Mia tatu nawakubali gari likiwa linavuta magurudumu yote manne, tena breki na tairi ziwe zimetangulia kununuliwa. Mia nne ni wa mashindano ya rali, barabara imefungwa. Wataniambia kuna barabara ya haraka ya Entebbe. Kikomo chake ni 100. Impreza ile inafika hapo kwa sekunde tano hivi, halafu unafanya nini?

Wiki jana amenipigia: "Mjomba, nitafutie intakula kubwa," yaani kipozeo cha hewa ya turbo. Nimemnunulia pedi za breki na hozi zake. Ziko kwenye sanduku la Desemba, chini ya nguo za dada yangu.