Siku niliyoenda ukweni Muheza nimejipulizia chai

Mchumba wangu alinipa sharti moja tu kabla sijaenda kujitambulisha kwao, tena akanipigia usiku kabisa ili lisinitoke kichwani: usije na ule udi wako. Mi ni mtu wa udi bana, ile ya mafuta wanayokupimia kwa tone, nikipita korido ya ofisini asubuhi mtu wa shifti ya jioni anajua nilipita. Sasa baba yake ana kifua, akisikia udi anapiga chafya mpaka machozi yanamtoka, na bibi yake akisikia udi anauliza nani kafariki. Kwa hiyo nitafute kitu chepesi, kitu freshi, mtu aninuse aone nimetoka kuoga tu basi.

Nikaenda Kariakoo. Jamaa wa duka nikamwambia nataka ya ukweni, akacheka, akasema wateja wa ukweni anawajua kwa sura, akanitolea kichupa cha kijani maji maji, akanipulizia kwenye kikaratasi, kisha akanikamata mkono akanipulizia na hapo. Aisee. Kwanza ikanijia ndimu, ile ndimu ya kukwangua ganda kabisa, nyuma yake chungwa, halafu nimekaa kidogo naulizia bei zingine ikaanza kutoka chai, sio chai ya maziwa na iliki, chai ya majani mabichi, nyepesi, safi. Akaniambia ile inayouma uma puani ni bergamoti, lile tunda linalolimwa sana Calabria kule kusini mwa Italia, ndo hilo hilo wanalonukishia chai ya Earl Grey. Bei aliyotaja sitaitaja hapa maana mchumba anasoma. Nikalipa.

Tatizo la hizi za ndimu na machungwa ni kwamba hazikai. Harufu za jamii hiyo ni nyepesi mno, zinaruka haraka, nusu saa ukizidi saa moja zishakuaga unabaki na hiyo chai yako kwa mbali, na hata hiyo chai pua ikishaizoea huisikii tena ingawa wenzako wanaisikia vizuri tu. Haya yote jamaa wa duka hakuniambia. Kwa hiyo nimejipulizia nyumbani, kufika stendi ya Mbezi sisikii kitu nikaongeza, Chalinze nikaongeza, Mkata nikaongeza shingoni na kwenye kola, Segera nikapulizia mpaka koti.

Pembeni yangu baba mdogo, ambaye ndo mshenga wetu. Baba mdogo ni mtu wa maneno, msibani yeye, harusini yeye, kikao cha mtaa yeye, akishika maiki hata mpishi anaacha chungu anatoka kusikiliza. Yeye njia nzima analala, akishtuka anauliza nani kwenye hili gari anamenya ndimu, analala tena.

Mi nikawa naigugo ile kitu, si nishatoa hela. Nikakuta kumbe mambo ya kunukia chai yalishika moto mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mfaransa mmoja Jean-Claude Ellena aliwatengenezea Bvlgari, wale wauza vito wa Roma, pafyumu ya chai ya kijani, halafu 1999 Elizabeth Arden nao wakatoa ya kwao ambayo fundi wake alikuwa Francis Kurkdjian, hiyo bei ikawa ya watu wa kawaida na kila mtu akataka. Kilichonishangaza ni kwamba Ellena chai hakuikamua, aliiunda kwa vitu vya maabara, hedioni ambayo inanukia asumini kwa mbali na ayononi yenye harufu ya vayoleti, ukivikutanisha pua inaapa kabisa hii chai. Nikasema hawa watu waongo wazuri sana. Nikaongeza tena.

Tukaingia Muheza. Kama hujawahi kupita Muheza, gari likisimama tu madirisha yote yanajaa machungwa, ya kwenye nyavu, ya kwenye ndoo, yaliyokwisha kumenywa, na watu wanagombania kuyanunua. Ndani ya dakika mbili basi zima wanamenya. Ganda la chungwa ukilikunja linatoa yale mafuta yanaruka hewani, sasa piga picha watu wote wale, visu vinakwenda, mafuta yanaruka. Gari zima linanukia pafyumu yangu na hakuna aliyelipa hata mia. Mi pale nimekaa na kichupa changu cha bei mbaya najiona nimetapeliwa na wilaya nzima.

Nikamgusa baba mdogo, "unanisikia?"

Akasema, "nakusikia, mbona hujasema kitu?"

Tukashuka. Baba mdogo akanunua ndizi mbivu chane nzima, eti hawezi kuongea na wakwe za watu akiwa na njaa, tukapanda Noah inayoelekea njia ya Amani, tumebanana huko nyuma, mama mmoja kanigeukia akaniuliza kwa upole kabisa kama nimebeba sabuni za dukani.

Nyumbani kwa wakwe tulipokelewa vizuri, siwezi kusema uongo. Shikamoo zikapita, mi nimeinama kwa bibi nampa mkono, bibi kanishika, hajaniachia, kavuta pumzi. Akamgeukia mama mkwe akasema, "Mgeni mmempa kazi? Mbona ametoka kuosha vyombo?" Mchumba wangu alikuwa mlangoni na sinia, akageuka akarudi ndani, mabega yanamtikisika. Mama mkwe akanitetea, akasema hapana, huyu ananukia chai, ana hamu ya chai, mleteeni chai. Ikaja chai. Nikanywa. Sikuwa na hamu ya chai.

Sasa mzee mwenyewe. Huyu baba mkwe, na hili mchumba hakuwahi kuniambia, alifanya kazi kiwanda cha chai kule juu Amani mpaka akastaafu. Yani nchi nzima hii, wakulima wa mihogo wapo, wavuvi wapo, madereva wapo, mi nimempelekea chai ya maabara mtu ambaye pua yake ililipwa mshahara kwa kunusa chai. Akasema, "lete mkono." Nikaleta. Akauinua mpaka puani, akavuta kwa kelele, sssrrp, vile vile wanavyoonja kiwandani, maana kule kijiko hakinywewi kistaarabu, kinavutwa kwa nguvu na hewa yake ili chai isambae mdomoni na harufu ipande puani. Akafumba macho. Wazee wengine kwenye mkeka wakanyamaza. Baba mdogo akaacha kutafuna.

"Hii haijachachuka," mzee akasema.

Nikasema ndio mzee.

"Chai unachuma majani mawili na kichipukizi. Unayanyausha, unayakata, unayaacha yachachuke mpaka yageuke rangi ya shaba, ndo unakausha. Hii yako wameikatisha ikiwa mbichi. Mchina anaikaanga, Mjapani anaipiga mvuke. Hii imepigwa mvuke." Akanusa tena. "Ndimu wamezidisha. Wanaficha kitu."

Nataka nimtetee yule Mfaransa lakini kwa mila mkwe haongei, anayeongea ni mshenga, na mshenga ana ndizi mdomoni. Ila mimi kwa maoni yangu, na niyaseme hapa kwa kuwa pale sikuweza, ile ndimu haikuzidi. Dar kwenye joto lile na foleni lile ni kitu kizuri mno, unahisi umefunguliwa dirisha. Shida ni kuipeleka sehemu ambayo michungwa ipo uani na chai ipo mlimani, hapo kila mtu anao mfano halisi wa kulinganishia.

Wakati tunasubiri mjomba wao mkubwa afike ndo kikao kianze, mzee akasema twende akatuonyeshe shamba. Kumbe baada ya kustaafu anafuga nyuki. Chini kwenye michungwa kaning'iniza mizinga kwa waya, ya magogo ya zamani na ile ya kisasa ya masanduku, na mmoja ulikuwa mpya, mtupu, akawa anatuonyesha anavyouandaa, anaupaka nta kwa ndani halafu anausugua na mchaichai. Nikauliza mchaichai wa nini. Akafurahi nimeuliza, akaeleza vizuri sana, kwamba nyuki akipata makazi anasimama mlangoni anainua mkia anapepea mabawa, anatoa harufu ya kuwaita wenzake, njooni ni huku, na hiyo harufu imefanana na mchaichai, na jamii ya ndimu ndimu hizo, ndo maana ukisugua mzinga...

Akanyamaza. Akaniangalia kola.

Nyuki wa kwanza alikuwa ametua pale anatembea zake taratibu, anakagua. Akaja mwingine kwenye begani mwa koti. Wakaja wengine. Hawakuwa na hasira hata kidogo, hilo lazima niwe mkweli, walikuwa wageni wenye adabu wanaoangalia nyumba ya kupanga. Mzee kwa sauti ya chini akasema, "usipunge mikono. Simama hivyo hivyo. Umejipaka nini hasa wewe?" Nikasema chai mzee. Akasema, "hao hawajaja kwa ajili ya chai."

Baba mdogo nyuma yetu akaanza kucheka, kacheka kile kicheko chake cha harusini, huku anamenya ndizi nyingine, akasema dogo hongera, umepata wapangaji. Mzee akageuka, na hapo kwa mara ya kwanza nikaona mzee wa watu ameogopa. Akasema, "Mshenga, tupa hiyo ndizi."

Maana kumbe nyuki wana harufu ya pili, ya vita. Akiuma anaiachia pale pale kuwaambia wenzake piga hapa, na harufu hiyo inafanana na ndizi mbivu. Sasa mimi nawaita njooni, baba mdogo hatua mbili tu nyuma yangu anawaambia pigeni. Mtu wa nyuki hata siku moja hali ndizi karibu na mzinga. Baba mdogo yeye alitaka kujua kwanza kwa nini aitupe, akafungua mdomo aulize, na wakamjibu mdomoni.

Tulivyotoka pale sijui. Najua koti niliacha njiani, shati nikavua nakimbia, nikaingia jiko la uani kifua wazi mbele ya mama mkwe na shangazi zake mchumba wote, nikasahau hata hodi. Bibi ndo alikuwa na akili, akatupa makumbi ya nazi kwenye moto, moshi ukafuka, akanisukumia humo humo, na baba mdogo naye akaingizwa, maana moshi unaifunika ile harufu ya vita, nyuki hawaelewani tena. Mzee akaja akasimama na sisi ndani ya ule moshi bila hata kukohoa. Udi tu ndo unamshinda.

Mimi sikuumwa hata mmoja. Baba mdogo mdomo wa juu umevimba kama andazi.

Mjomba mkubwa akafika. Kikao hakiahirishwi kwa sababu ya nyuki, watu wamefunga safari, wali uko motoni. Nikapewa shati la mzee, mikono imeishia viwikoni, nikakaa kwenye mkeka nimeinamisha kichwa kwa adabu na kwa sababu zingine. Mjomba akasema haya wageni, tuambieni mlichokuja nacho. Kimya. Mi mila hainiruhusu kuongea. Mwenye ruhusa ya kuongea midomo haikutani. Na baba mdogo hotuba hii alikuwa ameifanyia mazoezi wiki nzima, ina methali, ina sehemu za watu kupiga makofi.

Akajikohoza. Akasema, "Wazee wangu, sisi tuwekuja kwa heshiwa. Tuweona ua kwenye wustani yenu. Tuwelipenda hilo ua."

Bibi kutoka jikoni akauliza kwa sauti, "ua mmeliona nyie au nyuki?"

Basi hapo kikao kikaharibika. Mjomba mkubwa alianza, akajifanya anakohoa, mzee akainama akashika tumbo, shangazi wamelala chini kabisa, mchumba wangu namsikia ndani anagonga ukuta kwa kicheko. Baba mdogo aliendelea mpaka mwisho, nampa heshima yake, hakuruka methali hata moja.

Majibu yalikuja siku chache baadaye kwa simu. Wamekubali. Baba mdogo akanisomea orodha, mkaja wa mama, kilemba cha babu, blanketi la bibi, na mwisho kabisa, marashi ya ndimu na chai, chupa mbili, za mzee, za kujaribia mizinga mitupu. Baba mdogo akawaka, akawapigia, akasema hatutoi chupa, na tena mahari ipunguzwe kufidia mdomo wake, mshenga ameumizwa akiwa kazini. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamkumbusha kwamba nyuki akishauma anakufa, kwa hiyo waliokufa siku ile wote ni mali yake, na akianza kuhesabu, upande wetu ndo tutadaiwa.

Baba mdogo amekata simu, anasema hilo ombi la chupa hajalisikia. Mi nishapita Kariakoo kuulizia bei ya jumla.