Kete iliyoua inashtakiwa hadi lini?

Nchini Marekani sheria ya serikali kuu huwapa waendesha mashtaka miaka mitano kufungua kesi nyingi za jinai, zikiwamo za ulanguzi wa dawa za kulevya. Muuzaji wa heroini iliyomuua mnunuzi hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 20, lakini akishafika mwaka wa sita bila kushtakiwa, amepona. Wazazi waliozika watoto wao hawaelewi kwa nini muda huo uishe.

Nairobi mjadala huo ungeonekana wa ajabu. Kwetu Kenya jinai haiozi. Muda wa miezi 12 ulio katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 219, ni wa vijikosa ambavyo adhabu yake haizidi miezi sita jela au faini ya shilingi 1,000. Aliyeuza unga, yaani heroini, mwaka 2005 anaweza kusomewa mashtaka kesho asubuhi.

Wapo wanaotaka nasi tuweke ukomo, yaani muda wa mwisho wa kushtaki. Wanaotaka hali ibaki hivyo nao wana hoja. Wakubwa wa biashara hii huchelewa kunaswa: ndugu wawili wa familia ya Akasha walikamatwa Mombasa 2014, wakapelekwa Marekani 2017, na hukumu zikaja 2019 na 2020. Weka muda, nao wenye pesa watanunua kalenda.

Lakini wanaotaka ukomo hawasemi ulanguzi usamehewe. Wanazungumzia shtaka la kusababisha kifo peke yake, na hapo nadhani wamesikizwa vibaya.

Kifo lazima kithibitishwe. Mwaka 2014, katika kesi ya Burrage, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa hoja kwamba inatosha heroini kuwa imechangia tu. Ionyeshwe kwamba bila hiyo mtu asingekufa. Sasa nani anaamka na unga peke yake mwilini? Kuna tembe, kuna chang'aa, vyote usiku mmoja. Jibu liko kwenye damu. Kijana Mwislamu wa mtaa wa Majengo akifa alfajiri, huenda jua likazama akiwa tayari kaburini, bila upasuaji. Baada ya miaka minane utafukua nini?

Anayebaki ni rafiki waliyechangia sindano. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya 1994 haihesabu kuuza pekee kuwa ulanguzi. Kumpa mtu nako kumo. Kwa hiyo teja aliyetumwa kuchukua kete mbili, yake na ya mwenzake, ni mlanguzi pia, na shahidi wetu ndiye mshukiwa wetu. Mwenzake akianza kukoroma na midomo kubadilika rangi, naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini, ingeweza kumrudisha kwa dakika chache, kama mtu angeita msaada. Wengine hukimbia.

Nikiri: hakuna anayehesabu miaka akiwa amemshika mtu anayekata roho. Ukomo hautamzuia kukimbia usiku ule. Ninachokifikiria ni baadaye, mama wa marehemu anapouliza nani alikuwa naye, alikula nini mwisho, aliteseka? Mwenye majibu yuko mtaa wa pili, na atanyamaza maisha yake yote, kwa kuwa hatari yake nayo ni ya maisha yote.

Tena si kweli kwamba sheria yetu haina kalenda. Kifungu cha 215 cha Kanuni ya Adhabu kinasema aliyefariki baada ya mwaka mmoja na siku moja tangu kitendo kile hahesabiwi kuwa ameuawa. Uingereza waliifuta kanuni hiyo 1996. Sisi tunamhesabia siku aliyelala kitandani hajitambui, ila mwendesha mashtaka hatumhesabii hata muongo mmoja.

Ningempa mwendesha mashtaka miaka kumi ya kufungua shtaka la kusababisha kifo, na saa isimame mshukiwa akitoroka nchi. Ulanguzi wenyewe ubaki bila ukomo, kama ulivyo leo.