Baiskeli ya laki mbili: mpya au mtumba?

Mwenye laki mbili na ushee anayetafuta baiskeli hapa Arusha ataambiwa mambo mawili yanayogongana. Mzee atamwambia anunue mpya, ile nyeusi ya tairi 28 yenye keria ya chuma. Kijana atamwambia achague mtumba wa Japani au Ulaya.

Mzee ana hoja. Fremu ya chuma ikikatika, fundi yeyote wa kuchomelea ataiunga, wakati ya aluminiamu inataka mashine na mkono ambao wengi hawana. Spea zake zipo mpaka vijijini, na keria inabeba gunia bila kulalamika. Kwa mtu wa Moshi anayeshuka kila siku kuelekea kiwanda cha sukari cha TPC, kwenye tambarare za miwa, sioni kwa nini ahangaike na kingine.

Ila Arusha imekaa kwenye mteremko wa Meru. Kutoka Kilombero kupanda Ilboru kwa baiskeli isiyo na gia, sehemu kubwa utaisukuma kama mkokoteni. Kupanda ni jasho tu. Kinachonitisha ni kushuka. Rimu ya chuma iliyopakwa kromu ikilowa, breki inateleza badala ya kushika, na masika hapa si siku mbili. Rimu ya aluminiamu inashika vizuri zaidi hata ikiwa na maji. Nenda na sumaku: ikinata, hiyo ni chuma.

Kuna mpya nyingine, zile za rangi kali zenye springi mbele na katikati. Kwa bei hiyo springi ni uzito tu, na kila ukikanyaga pedali zinakunyang'anya nguvu. Ziache.

Mtumba basi? Ni mwepesi, una gia, na mara nyingi umetengenezwa kwa uangalifu zaidi. Lakini mimi umeshanitoa machozi. Nilinunua ya Kijapani, muuzaji akiapa kuwa tairi ni 26, za kawaida. Tairi ya nyuma ilipokwisha nikanunua 26 dukani, fundi akahangaika nayo nusu saa, haikuingia. Kumbe kuna 26 zaidi ya moja. Ubavuni mwa tairi yangu kulikuwa na 37-590, na niliyonunua ilikuwa 50-559: vipenyo, yaani zile namba za mwisho, vinapishana milimita 31. Baiskeli ikalala stoo miezi miwili. Tangu hapo nasoma hiyo namba ya mwisho kabla sijauliza bei. Ikiwa 559, hiyo ndiyo ya baiskeli za milimani, na tairi zake hazisumbui kupata.

Mnyororo nao upimwe kwa rula ya futi moja. Pini moja ikikaa kwenye sifuri, nyingine iangukie inchi 12 kamili. Ikipita kwa thumni ya inchi, umechoka, na huenda umeshakula meno ya gia. Kagua pia chini ya usukani, fremu inapoungana. Rangi iliyopasuka hapo mara nyingine huficha ufa.

Kwa hiyo kwa mkazi wa mjini Arusha mimi nachagua mtumba: fremu ya chuma, tairi za 559, uma wa mbele usio na springi. Laki na nusu kwa muuzaji, hamsini kwa fundi abadilishe waya za breki, gololi na grisi. Na fundi huyo ningekwenda naye sokoni. Wapo wanaosema fundi na muuzaji hula sahani moja. Wa kwangu hajanila bado, ukiacha chai na chapati.