Suruali yangu ilifika kabla yangu

Kwanza kabisa, majani hayakuwepo. Najua yule rafiki yangu ameshawatumia voisi ndeefu akisema nilitokea porini nimejisitiri kwa majani kama Adamu. Lilikuwa shati. Tena la mikono mirefu. Tuanzie hapo.

Mnaujua huu ugonjwa wangu wa kupiga kambi kizamani kando ya mito. Hema sitaki, jiko la gesi sitaki, ni blanketi moja la sufu, turubai la kitambaa nililolipaka nta mwenyewe, sufuria, kamba, na jiwe la gumegume na chuma cha kupigia cheche. Mzigo wote kilo 6, na watu nilishawachosha na habari za mzee George Washington Sears wa Marekani, ambaye mwaka 1883 alizunguka maziwa na mito ya Adirondack na kamtumbwi kasikofika hata kilo 5, tena kifua kinamsumbua. Basi na mimi nikajiona Sears. Bila mtumbwi.

Siku ya pili ya safari tukafika pa kuvuka. Mwenzangu, huyo huyo wa voisi, akasema twende chini kidogo, baada ya kona, mto unapotanuka, maana ukiwa mpana maji yanasambaa yanakuwa mafupi, ukibanwa unachimba kina na kukimbia. Hata mimi nalijua hilo, ndicho kinachoniuma. Lakini pale penye wembamba ng'ambo ilikuwa kama hatua 15 tu, nikamwambia kaka wewe zunguka, mimi navuka kizamani. Yaani unavua nguo, unazifunga na blanketi ndani ya turubai, furushi linaelea, unalisukuma mbele yako, ukitoka unavaa nguo kavu. Mbinu ni ya kweli na inafanya kazi, msiicheke mbinu, nichekeni mimi.

Viatu nikabaki navyo kwa sababu ya mawe. Shati halikuenea kwenye furushi, nikalizungushia kichwani kama kilemba. Na boksa... ndiyo, nayo ilikuwa kwenye furushi, tuendelee.

Maji ya magoti, sawa. Ya mapaja, sawa, unaguna kidogo. Hatua ya tano nikakanyaga, chini hakuna chini. Nikazama mpaka kidevuni, mkondo ukanigeuza, na ule mkono ulioshika furushi ukaamua wenyewe bila kunishirikisha, ukaachia. Nikapapatika mpaka nikadaka mzizi ng'ambo, nikageuka. Furushi linaenda taratibu, halina haraka hata kidogo, linajizungusha kama bibi harusi, nikajipa moyo litanasa kwenye kona. Halafu fundo likaanza kulegea. Hilo fundo jana yake nilikuwa nalifundisha watu! Kamba ikatoka mzunguko wa kwanza. Wa pili. Pembe moja ya turubai ikafunuka, ikafuata nyingine, blanketi likanywa maji likawa zito likaanza kuzama, na suruali ikatoka. Mguu mmoja umejaa hewa, umesimama wima juu ya maji, na nawaapia jamani ule mguu ulikuwa unapunga. Unanipungia mimi. Ukakata kona, ukaenda zake.

Nikajitazama. Viatu miguuni, kilemba kichwani, hapo katikati ni uwanja mtupu.

Sasa shati ukilifunga kiunoni kwa mikono yake linaziba upande mmoja tu, lazima uchague. Nikachagua mbele. Nikafuata ukingo, miiba nawaachia mfikirie wenyewe, nikakata kona, na pale pale penye maji mafupi alipotaka tuvukie ndipo suruali yangu ilipokwama, na ndipo walipopiga kambi watu kama tisa, familia nzima, na rafiki yangu kati yao ameshika kikombe. Mzee mmoja ameitundika suruali kwenye fimbo. Akaniangalia juu, akaniangalia chini, akasema, "Karibu kijana. Mwenzako ametangulia."

Nikasema shikamoo mzee. Na shikamoo yangu mimi haijawahi kutoka bila kuinama. Nikainama. Nyuma yangu walikuwa akina mama wanaosha vyombo.

Zile kelele sizisimulii.

Blanketi tulilipata, turubai pia, kile kitambaa changu cha kudakia cheche kikawa uji mweusi, moto ukawashwa na kiberiti cha gesi cha huyo huyo rafiki, nikalala nanuka kondoo aliyenyeshewa. Aliniapia hatamwambia mtu. Kabla sijapata hata soksi kavu voisi zilishafika kwenu.

Sufuria haijaonekana mpaka leo. Ukiiokota, mpini wake umelegea upande mmoja. Usinipigie mimi, mpigie yeye, si ndiye msemaji wangu.