Tazameni mdomo wa shakwe huyo

Habari yenu inasema kwamba shakwe adimu wa Bahari ya Shamu ameonekana kwenye mlango wa Mto Sabaki, na ushahidi uliotolewa ni alama nyeupe juu ya jicho. Kwangu haitoshi, kwa kuwa hata shakwe wa kahawia tuliyemzoea hapa Malindi, akishakomaa, huwa na alama hiyo juu ya jicho, ilhali yule mgeni huwa nayo juu na chini. Jambo la kuangalia hasa ni mdomo: wa mgeni ni mwembamba, mwekundu uliokoza wenye ncha nyeusi; wa huyu wetu ni mnene, wa manjano inayoelekea kijani. Namsihi mpiga picha atuonyeshe mdomo huo kwa karibu.