Simu ya Mtandao Mmoja kwa Watu wa Laini Mbili

Kampuni ya simu ikipata simu mpya ya kuiuza peke yake, wengi wetu husema imetoa fedha nyingi. Fedha zimo, lakini si zote. Kabla ya kutoa iPhone ya kwanza Marekani mwaka 2007, Apple ilikuwa ikitafuta mtandao utakaokubali masharti. Verizon ilikataa. Cingular, ambayo mwaka huohuo ilichukua jina la AT&T, ikakubali mambo ambayo mitandao ya wakati ule haikuzoea hata kuyasikia: nembo yake isionekane kwenye simu, programu za ndani azipange mtengenezaji, na sehemu ya malipo ya mteja ya kila mwezi imrudie Apple. Ikarekebisha na mitambo yake ili mteja aone orodha ya ujumbe wa sauti na achague upi auskilize mwanzo. Malipo yake ni kuwa hadi Februari 2011 aliyetaka iPhone katika nchi ile alilazimika kuingia AT&T.

Kwa hiyo kinachouzwa hapa ni hatari, na kila upande huibeba kwa kadiri ya unyonge wake. Mtandao unaohofia kuachwa nyuma huahidi kununua idadi fulani ya simu, kulipia matangazo, kukata bei kwa fedha zake. Mtengenezaji mchanga naye huutafuta mtandao kwa sababu hana maduka. Wala dili hili halimwokoi mwenye simu dhaifu. Amazon ilitoa Fire Phone kupitia AT&T peke yake Julai 2014 kwa dola 199 na mkataba wa miaka miwili; kufika Septemba ilikuwa senti 99, na bado haikupata wanunuzi.

Yote hayo yanasimama juu ya nguzo moja: mkataba. Mteja amejifunga miaka miwili, basi mtandao unajua utazirudisha fedha ulizomkatia kwenye bei. Ujerumani mwaka 2007 hesabu hiyo ilionekana wazi. T-Mobile ilikuwa ikiuza iPhone kwa euro 399 pamoja na mkataba. Mahakama ilipoiamuru kwa muda iuze pia simu isiyofungwa kwa mtandao mmoja, bei iliyotangaza ni euro 999. Bei hiyo waliipanga wenyewe, na mwenye kutaka kutisha wateja hupanga bei ya kutisha, lakini hata hivyo inaonyesha kuwa kufuli lina thamani yake.

Sasa ilete biashara hiyo Darajani, sokoni kwetu Zanzibar. Hapa simu hununuliwa taslimu, ama mpya dukani ama iliyotumika kutoka Dubai, ama ndugu anayerudi safari huagizwa. Vocha hulipwa kabla, na simu za laini mbili ndizo zilizoenea: laini moja ya kupokelea pesa na ya kuwapigia watu wa nyumbani, nyingine ya bando lililo rahisi wiki hiyo. Kampuni itakayokata bei ya simu kwa fedha zake leo, kesho itakuta mteja ametia laini ya jirani. Ndiyo maana hatujaona foleni za usiku nje ya duka la mtandao kungojea simu ya mtandao mmoja.

Upekee huo kwetu unaweza kuingia kwa mlango mwingine, nao ni mkopo. Kenya walishaonyesha njia: mwaka 2020 Safaricom pamoja na Google walianza kutoa simu za 4G kwa shilingi 20 za Kenya kwa siku, na asiyelipa, simu yake hufungwa kwa mbali. Kufuli limechukua nafasi ya mkataba.

Sitaki kuubeza mpango wa namna hiyo. Mwanamke anayelima mwani Paje hupata fedha kidogo kidogo, na simu janja ya kulipa mara moja inamzidi. Akiipata kwa kulipa polepole, anaweza kuulizia bei kwa wanunuzi zaidi ya yule aliyesimama mbele yake. Benki haimkopeshi kwa kitu kidogo hivyo. Mtandao unaweza, kwa kuwa unaona anavyoongeza salio na una njia ya kumdai.

Ila Mpemba haelezwi mnunuzi mmoja ni nini. Karafuu yake kisheria mnunuzi ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, peke yake, na anazijua pande zote mbili: uhakika wa pa kuuzia, na kukosa pengine pa kwenda bei isipomridhi. Simu iliyofungwa kwa mtandao mmoja inamweka hapohapo. Tangu 2017 Tanzania ina utaratibu wa kuhama mtandao na namba yako, na haki hiyo haina maana ikiwa simu yenyewe inakataa laini ya pili. Ikiwa kijijini kwako mtandao ule haushiki vizuri, umenunua tochi.

Hapo ndipo ninapogawa. Kufuli linalolinda deni nalikubali mpaka siku ya awamu ya mwisho, kwa sababu bila hilo hakuna atakayekopesha. Kufuli linalozuia laini ya mtu mwingine, na mteja analipa deni lake vizuri, hilo ni la biashara tu, na sioni sababu ya kulivumilia. Ufaransa mwaka 2008 baraza la ushindani liliusimamisha mkataba uliompa mtandao wa Orange iPhone peke yake, baada ya Bouygues Telecom kulalamika.

Kwetu nani angesimama? Posta na simu ni jambo la Muungano, kwa hiyo mitandao iko chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Biashara ya ndani si ya Muungano, na Zanzibar ina Tume yake ya Ushindani Halali wa Biashara. Simu iliyouzwa Wete, Pemba, kwa mkopo wa kampuni ya mtandao ni mawasiliano au ni biashara? Aliyemaliza kulipa na simu bado imefungwa asije akapelekwa ofisi hii, akarudishwa ile. Taasisi mbili hizo zikae mapema, kabla dili kubwa halijafika, na mkataba uandike kwa Kiswahili tarehe ya kufunguliwa.

Na kampuni inayotaka kweli kuwapata watu wa Pemba iitazame kalenda yao. Malipo ya kila siku yanamfaa dereva wa bodaboda. Mwenye mikarafuu hushika fedha msimu unapofika, kisha miezi hupita mkono mtupu. Atakayekubali alipwe msimu kwa msimu, simu ikiwa wazi kwa laini yoyote, sidhani kama atahitaji kufuli.